Mistari Miwili ya Mchukiwa

Juzi asubuhi Mama Mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani, magharibi, na baada ya salamu akaniambia maneno manne tu: "Mvua imenyesha. Sijagusa udongo." Nikamjibu kwamba nitafika Ijumaa. Akasema sawa, akakata, maana kwake simu ni chombo cha kutangazia habari, si cha kupigia porojo. Nikaenda jikoni, nikashusha mkebe wa mbegu kutoka juu ya kabati na kuufungua. Harufu ya jivu na mahindi makavu ikanipanda puani, na papo hapo nikawa tena mtoto wa miaka kumi, Laini Saba, Kibera, nyumba ya pili kutoka reli, nina uongo tumboni na sijui niupeleke wapi.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Kibera mtaikumbuka reli ilivyokuwa kabla vibanda havijaisogelea mpaka kuigusa. Kina mama walilima kandokando yake, kila mmoja na kipande chake, na hakuna aliyevuka mpaka wa mwenzake, ingawa mpaka wenyewe ulikuwa jiwe moja au kopo lililofukiwa nusu. Garimoshi likipita, mahindi yote yaliinama kwa pamoja. Kipande chetu kilikuwa nyuma ya kibanda cha Baba, ambaye alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na vumbi jingi la mbao. Mama ndiye aliyekuwa mke wake wa kwanza, nami nilikuwa mtoto wa kwanza wa Mama. Mke wa pili aliishi Kawangware. Tulimwita Mama Mdogo, na wakati huo alikuwa na mtoto mchanga mgongoni.

Kwetu iko desturi moja ambayo watu waliihamisha mpaka Nairobi, ingawa mengine mengi waliyaacha kijijini. Mvua ya kwanza ikinyesha, mke mkubwa ndiye anayetangulia kupanda. Mke mdogo hatii mbegu ardhini kabla yake, hata mvua ikimpita, hata majirani wakimcheka. Akitangulia, amemvua mwenzake ukubwa mbele za watu, na wazee wakisikia wanaweza hata kumrudisha kwao. Basi kila mwaka Mama alipanda kando ya reli, kesho yake akatia kwenye kikapu mbegu zilizobaki, zimepakwa jivu zisiliwe na wadudu, tukatembea naye hadi Kawangware kumkabidhi Mama Mdogo. Kawangware siku hizo ilikuwa nusu mji, nusu shamba, na mwenye nyumba wake alimwachia kipande cha ardhi uani. Akishapokea mbegu, ndipo naye alipoanza.

Mwaka ninaoukumbuka, shida ilianzia kanisani.

Kanisa letu la mabati lilikuwa na mwalimu mmoja aliyeitwa Mutiso, mtu wa Machakos, ambaye kazi yake ya wiki nzima ilikuwa kutengeneza majiko ya mafuta na kuziba sufuria. Zamani aliwahi kufanya kazi nyumbani kwa mzungu mmoja mwalimu wa dini, na alipoondoka alipewa kitabu cha sarufi ya Kiebrania kisicho na jalada. Mwalimu Mutiso alikisoma kitabu kile miaka na miaka, katikati ya majiko, mpaka kurasa zake zikanuka mafuta ya taa. Mara moja kwa mwezi, wenzetu wa Kawangware walipokuja kusali pamoja nasi, alileta kipande cha bati alichokipaka rangi nyeusi, akakisimamisha mbele na kutufundisha neno moja. Sisi watoto tuliipenda siku hiyo kwa sababu aliandika kinyumenyume, na tulikuwa hatujawahi kumwona mtu mzima akiandika kinyumenyume bila aibu.

Siku hiyo alisoma ile sheria ya kale ya Waisraeli kuhusu mtu mwenye wake wawili, mmoja anayependwa na mmoja anayechukiwa. Kisha akaandika herufi tatu.

"Hii lugha inatoka kulia, inaenda kushoto. Wewe hapo nyuma, wacha kucheka. Hizi tatu ndio mzizi: sin, nun, alefu. Hii ya kwanza iko na nukta hapa kushoto. Ukiiweka kulia umeharibu, hiyo ni herufi ingine. Ukisema sane, ni mtu amechukia. Sasa ukitaka kusema ni mwanamke, na ni yeye amefanyiwa hiyo chuki, neno linageuka. Linakuwa senua. Semeni."

"Senua!" tukapiga kelele.

"Mchukiwa. Sasa angalieni hilo neno. Mwenye kuchukia haonekani ndani yake. Yeye amejificha. Mwenye kuonekana ni huyu mama peke yake, amebebeshwa kama jina."

Akaendelea kusema mengine. Alisema kwamba watu wale wa kale walitumia neno hilo hilo hata kwa mke aliyewekwa nyuma, aliyependwa kidogo kuliko mwenzake, si lazima awe amepigwa au kufukuzwa. Alisema sheria yenyewe ilikuja kumzuia mume: hata kama moyo wake umeenda kwingine, haki ya mtoto wa kwanza wa mchukiwa haiguswi. Mimi sehemu hiyo sikuisikia vizuri, kwa kuwa nilikuwa natazama watu. Nusu ya kanisa walikuwa wamegeuza macho kumtazama Mama. Baba, upande wa wanaume, alikuwa anakagua kucha zake. Mama alikaa wima kwenye benchi la mbele, kitambaa cha umoja wa akina mama kichwani, akalitazama lile bati mpaka somo likaisha, na hata kope hazikucheza.

Nilirudi nyumbani nimeshajua kila kitu, mjuaji mimi. Mchukiwa ni Mama. Ushahidi nilikuwa nao. Siku ambazo Baba alilala Kawangware zilikuwa nyingi kuliko alizolala kwetu, na nilihesabu kwa vidole. Kitanda cha Mama Mdogo kilikuwa na maua yaliyochongwa kichwani, kazi ya mkono wa Baba, lakini kitanda chetu, nyumbani kwa mke mkubwa wa fundi seremala, kilikuwa kimeegemezwa mguu mmoja juu ya kopo la maziwa ya unga. Niliona aibu na nikaona hasira. Niliogopa pia, maana kwa akili yangu mwanamke akishachukiwa kinachofuata ni kufungasha, na nilikuwa nimewaona wanawake wa Laini Saba wakipandishwa basi na watoto wao kurudi kijijini, wasionekane tena. Nilikuwa na hakika wanaofuata ni sisi.

Wiki hiyo mvua ilinyesha, na Mama akashikwa na malaria.

Wenzake walipanda. Reli nzima wanawake waliinama, ila kipande chetu kilibaki kitupu. Siku ya tatu Mama aliniita kitandani, shuka limemshika mwilini kwa jasho.

"Nenda Kawangware," akasema. "Mwambie mama yako mdogo anivumilie. Jumamosi nitapanda hata nikitambaa. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze yako."

Nilitoka nikapita mtaa wa Makina, nikarudia lile neno moyoni, senua, senua, mpaka likatoka mdomoni. Bibi mmoja wa Kinubi aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni akaniuliza ninaimba nini. Nilipomweleza, akasema hata Kiarabu kina neno la ukoo huo, na si neno zuri kwa mdomo wa mtoto. Nikaingia Barabara ya Ngong, nikaifuata mpaka kona ya Dagoretti, na nilipokuwa nashuka Kawangware mpango ulikuwa umekamilika kichwani mwangu. Ilikuwa rahisi mno. Mama Mdogo akipanda kabla ya Mama, atakuwa amevunja desturi. Wazee watasikia. Atarudishwa kwao yeye, na Baba atakuja kukaa nyumba moja.

Nilimkuta ameketi mlangoni, jembe limeegemea ukuta, udongo wa uani umelainika vizuri kwa mvua.

"Mama amepanda," nikamwambia. "Amesema na wewe upande, utumie mbegu zako za akiba."

Mama Mdogo alishika kifua. "Kweli? Ai, Mungu asante. Nilikuwa nafikiria atanisahau mwaka huu." Akanitilia chai ya maziwa, akanipa na mkate. Akawa anachekacheka peke yake, halafu akaketi karibu nami. "Unajua, tangu ile Jumapili sijalala vizuri. Nilikuwa nimekaa kule nyuma na mtoto, nikasikia Mwalimu anasema mchukiwa. Nikajua ni mimi ameniambia."

"Wewe?" nikauliza.

"Sasa nani? Mama yako ako na kitambaa, anakaa mbele, anakula meza ya Bwana. Mimi kanisa halinipi. Baba yako vifaa vyake viko kwenu, kazi yake iko kwenu, hapa anakuja akiwa amechoka tu, analala. Kupanda ni mpaka niambiwe." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Lakini mama yako hajawahi kuniletea hizo mbegu akiwa amenuna. Hata mara moja. Kunywa chai."

Chai ile sikuimaliza. Niliacha kikombe nusu, nikasema nimetumwa kwingine, nikaondoka. Njia yote ya kurudi nilikuwa najiambia kwamba hayanihusu. Nilipofika Mama aliniuliza, "Amesemaje?" Nikasema, "Amesema sawa." Akafumba macho.

Nililala na jambo hilo. Alfajiri, Mama alipokuwa anakunywa uji kidogo, nilianza kulia bila kuulizwa, na uongo wote ukamwagika: neno la Mwalimu, kitanda chenye maua, kopo la maziwa, wazee, jinsi nilivyomwambia Mama Mdogo apande, na jinsi naye alivyodhani mchukiwa ni yeye. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Nitakupiga nikipona," akasema. "Leta jembe."

Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu. Alijifunga leso kiunoni na nyingine kichwani, akashika mbegu na jembe, akaanza kutembea. Nilidhani atapita kwanza kipande chetu cha reli, achimbe hata shimo moja, awe ametangulia. Hakupita. "Saa hizi ameshainama," akasema. "Twende." Tulipofika Makina, Mama alitapika. Kwenye kona ya Dagoretti aliketi juu ya jiwe akitetemeka, na mwanamke mmoja mwuza viazi akamwuliza kama anaenda hospitali. "Naenda shambani," Mama akamjibu, akasimama.

Tulichelewa. Mama Mdogo alikuwa ameshapanda mistari miwili kamili na alikuwa anaanza wa tatu. Mlangoni kulikuwa na majirani watatu, wawili kati yao watu wa kwetu, na hao walipomwona Mama akija na jembe na kikapu cha mbegu walielewa mara moja. Mtu aliyekwisha kupanda haji na jembe. Mmoja akaweka mkono mdomoni. Mama Mdogo aligeuka, akaona jembe, akaona kikapu, akaona uso wa Mama. Jembe lake likaanguka.

"Dada," akasema, akapiga magoti kwenye tope na mtoto mgongoni. "Dada, mtoto alikuja. Mtoto aliniambia..."

Niliona mpango wangu umesimama mbele yangu, umefaulu kabisa. Mama hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kusema kweli tu, kwamba hakumtuma mtu yeyote na maneno hayo, na wale wawili wa kwetu wangeifikisha habari nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama aliitazama ile mistari miwili. Akatembea kando yake polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, akahesabu mashimo kwa macho. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata wale wa mlangoni waliisikia:

"Umenipandia vizuri. Mtoto alikuambia nini, ukapanda miwili? Mimi nilitaka mstari mmoja tu."

Mama Mdogo akainua uso.

"Nilishikwa na homa," Mama akawaambia majirani, "nikamwomba huyu mwenzangu aniwekee mbegu yangu ya kwanza hapa kwake, kwa mkono wake, mvua isinipite. Hii miwili ni yangu. Sasa nimekuja kumwanzishia wake." Akainua jembe, akachimba shimo mwanzoni mwa mstari wa tatu. Akatia mbegu mbili, akafukia kwa mguu. "Inuka, mchukiwa mwenzangu," akamwambia kwa sauti ya chini. "Tope itaingia kwa mtoto."

Mama Mdogo alicheka na kulia pamoja. Waliokuwa mlangoni wakatawanyika, habari imewaharibikia mikononi. Nami nilisimama pale nikajua kwamba huyu ndiye mama yangu. Nimeona watu wengi wakubwa tangu siku hiyo, kwenye majukwaa na kwenye ofisi, na bado sijamwona aliyekuwa mkubwa kumshinda yule mwanamke mwenye homa uani kwa mwenzake.

Nilimwendea Mama Mdogo kumwambia kwamba ni mimi. Hakuniacha nimalize.

"Nilijua iko kitu," akasema. "Wewe huachangi chai."

Tulilala hapo, Mama kwenye kile kitanda chenye maua, Mama Mdogo akimkanda kwa maji ya baridi. Tuliporudi Kibera siku ya pili, polepole, nilimwuliza Mama swali lililokuwa bado linaniwasha. Je, Baba anamchukia?

Mama alihamishia jembe bega la pili. "Sijui," akasema. "Sijawahi kumwuliza. Nimekuwa na kazi."

Kuhusu kichapo, nilipigwa alipopona, kama alivyoahidi. Mama hakuwa mtu wa kuvunja ahadi.

Baba aliambiwa yote, sijui na nani. Jumamosi iliyofuata alikuja na mguu mpya wa kitanda, akalitupa lile kopo nje, na akachonga mipini miwili ya jembe kutoka kwenye ubao mmoja, mmoja akabaki nao Mama, mwingine ukaenda Kawangware. Ndivyo alivyojua kuomba radhi. Tangu mwaka huo mistari miwili ya kwanza uani kwa Mama Mdogo ilikuwa ya Mama, ikivunwa inaletwa Kibera kwa gunia. Nao wakaanza kuitana kwa lile jina. "Mchukiwa, umeamkaje?" mmoja anaita. "Nimeamka nimechukiwa zaidi yako," mwingine anajibu, wanacheka mpaka wanashikana mabega. Mwalimu Mutiso aliposikia alifurahi sana na kuwakumbusha wasisahau nukta iko kushoto.

Nilipokuwa mtu mzima nilinunua kitabu changu cha Kiebrania, chenye jalada, nikakaa nacho jioni nyingi nikimkagua yule fundi wa majiko. Nililikuta neno ndani ya jedwali, kwenye safu ya waliotendewa, umbo la kike, na mwisho wake ule wa a. Herufi zote tatu alikuwa ameziandika sawa kwenye bati lake, na nukta mahali pake. Maelezo yake pia yalikuwa sawa, hata ile nusu niliyokosa kuisikiliza. Nilijivunia sana, utadhani mimi ndiye niliyemfundisha.

Kipande cha reli kimekwenda siku nyingi, na uani kule Kawangware pamesimama nyumba ya ghorofa. Mama Mdogo alirudi nyumbani magharibi, na Mama alizikwa hapo hapo, hatua chache kutoka shambani. Mvua ya kwanza baada ya mazishi, Mama Mdogo alikataa kupanda. Wiki mbili. Wanawe walimbembeleza, majirani wakamwambia mke mkubwa hayupo tena, sasa mkubwa ni yeye. Alinipigia simu Nairobi.

"Njoo," akasema. "Wewe ndiye mtoto wa kwanza wa mchukiwa. Haki yako haiguswi. Kwani wewe Jumapili ile hukusikia?"

Nikamwambia kwamba sikuwa nimesikia.

Basi Ijumaa nitafika, na najua nitakachokikuta, kwa sababu ndicho ninachokikuta kila mwaka. Shamba zima litakuwa limelainika na ni tupu. Mama Mdogo atakuwa amesimama ukingoni na fimbo yake, na jembe la Mama, lenye mpini wa Baba. Atanikabidhi kwa mikono miwili, mzee yule, jinsi mtu anavyomkabidhi mkubwa wake, kisha atarudi nyuma hatua tatu na kungoja. Nitapanda mistari miwili kamili. Baada ya hapo nitachimba shimo moja mwanzoni mwa mstari wa tatu, nitie mbegu mbili, nifukie kwa mguu, halafu nimpe jembe naye aanze.